Hitilafu za hita ya maji

Hitilafu za hita ya maji ni kasoro zinazofanya kifaa cha kupasha maji nyumbani kishindwe kutoa maji ya moto ya kutosha, kitoe maji yenye harufu au rangi mbaya, kivuje, au kiwe hatari kwa watumiaji. Dalili zake ni nyingi, lakini vyanzo vyake ni vichache: umeme au gesi kutofika, thamostati kuharibika, koili kuungua, ukoko wa chokaa, presha ndogo ya maji na kutu ndani ya tangi. Kwa sababu hiyo mafundi huanza kukagua vitu vya nje, yaani umeme na maji yanayoingia, kabla ya kufungua hita yenyewe.

Baadhi ya hitilafu zinaweza kurekebishwa na mwenye nyumba. Nyingine, hasa zinazohusu nyaya za umeme, vali ya usalama na moshi wa gesi, zinahitaji fundi mwenye ujuzi kwa sababu kosa dogo linaweza kusababisha kifo.

## Aina za hita

Hita zinazotumika majumbani ni za aina kuu nne:

* Hita ya tangi hupasha maji kwa koili ya umeme au moto wa gesi na kuyahifadhi katika tangi lililofunikwa kwa kitu kinachozuia joto kupotea. Thamostati hukata na kurudisha umeme kulingana na joto la maji.
* Shawa ya umeme haina tangi. Maji hupashwa yanapopita kwenye koili iliyo ndani ya kichwa cha shawa. Aina hii ni ya kawaida sana nchini Brazil, na imeenea pia katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki kwa kuwa bei yake ni ndogo.
* Hita ya gesi ya papo kwa papo huwasha moto maji yanapoanza kutiririka na kuuzima yanapofungwa.
* Hita ya jua hukusanya joto la jua kwa paneli bapa au mirija ya kioo na kulihifadhi katika tangi, mara nyingi juu ya paa.

Hita ya gesi ya papo kwa papo ilibuniwa London na Benjamin Waddy Maughan mwaka 1868. Mwaka 1889 Edwin Ruud, mhandisi mzaliwa wa Norwei, alibuni huko Pittsburgh, Marekani, hita ya tangi iliyojiwasha na kujizima yenyewe. Clarence Kemp wa Baltimore alipata hataza ya hita ya jua mwaka 1891. Mwaka 2012 Kenya ilitoa kanuni zilizotaka majengo yanayohitaji zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yafungiwe mtambo wa jua.

## Tahadhari kabla ya ukaguzi

Kuzima swichi ya hita ukutani hakutoshi. Swichi inaweza kuwa imeunganishwa kimakosa, ikakata waya usio na umeme na kuacha ule wenye umeme. Ndiyo maana umeme hukatwa kwenye sakiti breka au swichi kuu, kisha nyaya hupimwa kwa kifaa cha kupimia kabla ya kuguswa.

Shawa ya umeme yenye nguvu ya kilowati 5 kwenye umeme wa volti 230 huvuta takriban ampea 22. Plagi ya kawaida ya ampea 13 haiwezi kubeba mkondo huo, kwani mwisho wake ni karibu kilowati 3. Shawa hiyo huhitaji waya wake peke yake kutoka kwenye sakiti breka, kwa kawaida wenye unene usiopungua milimita 4 za mraba, pamoja na waya wa ardhi uliofungwa vizuri. Swichi maalumu inayokata umeme unaovuja kuanzia miliampea 30 huongeza usalama, kwa kuwa hukata umeme kabla haujamdhuru mtu aliyesimama kwenye maji.

Mtu anayehisi mtekenyo wa umeme anapogusa bomba au maji ya shawa anapaswa kuacha kuoga mara moja na kukata umeme kwenye swichi kuu. Hiyo ni dalili kwamba umeme unavuja na waya wa ardhi haufanyi kazi yake. Kuvaa ndala bafuni hakuondoi hatari hiyo.

## Maji hayapati moto kabisa

Kwa hita ya tangi, ukaguzi hufuata hatua hizi:

1. Umeme. Huangaliwa kama sakiti breka imejikata. Ikirudishwa ikajikata tena papo hapo, kuna shoti kwenye koili au nyaya, na haifai kuendelea kuirudisha.
2. Kikato cha joto. Hita nyingi zina kitufe kidogo, mara nyingi chekundu, chini ya kifuniko cha thamostati. Kitufe hiki huruka na kukata umeme maji yanapozidi joto linaloruhusiwa. Baada ya umeme kukatwa, kinaweza kubonyezwa mara moja. Kikiruka tena, thamostati imeng'ang'ania au koili ina hitilafu.
3. Koili. Nyaya zake hutolewa na ukinzani wake hupimwa. Koili nzima ya wati 2000 kwa volti 230 huwa na ukinzani wa takriban ohm 26, na ya wati 3000 takriban ohm 18. Mita isipoonyesha njia yoyote ya umeme, koili imekatika. Ikionyesha njia ya umeme kati ya koili na chuma cha tangi, koili inavujisha umeme na lazima ibadilishwe.
4. Thamostati. Ikiwa koili ni nzima, umeme unafika kwenye hita, lakini hauvuki thamostati wakati maji ni baridi, thamostati imekufa.

Chanzo kikubwa cha koili kuungua ni kuwashwa wakati tangi halina maji. Jambo hili hutokea sana mahali penye mgao wa maji. Bomba la mtaa likikauka, maji ya ndani ya hita yanaweza kunyonywa na kurudi nyuma ikiwa hakuna vali ya kuzuia maji kurudi. Umeme ukiwashwa hapo, koili iliyo wazi hewani huungua kwa muda mfupi. Baada ya mgao, au baada ya kufunga hita mpya, bomba la maji ya moto hufunguliwa kwanza mpaka maji yatoke bila kukatikakatika wala hewa, ndipo umeme unawashwa.

## Maji ya vuguvugu au yanayoisha haraka

Si kila malalamiko ya aina hii ni hitilafu. Kupasha lita 100 za maji kutoka 20 °C hadi 60 °C huhitaji takriban yuniti 4.7 za umeme. Koili ya kilowati 2 hufanya kazi hiyo kwa karibu saa 2 na dakika 20. Familia inayoamka alfajiri na kuwasha hita nusu saa kabla ya kuoga haiwezi kupata maji ya moto ya watu wote, hata kama hita ni nzima.

Vyanzo vingine ni hivi:

* Thamostati imewekwa chini mno.
* Koili moja kati ya mbili imekufa. Katika hita zenye koili mbili, kufa kwa ile ya chini huacha maji ya moto machache tu juu ya tangi.
* Mrija unaoingiza maji baridi na kuyapeleka chini ya tangi umevunjika, hivyo maji baridi yanachanganyika na ya moto juu.
* Kichanganya maji bafuni kimeharibika na kinapitisha maji baridi upande wa maji ya moto.
* Umeme ni mdogo. Nguvu ya koili hupungua kwa mraba wa volti: volti zikishuka kutoka 230 hadi 180, koili hubaki na takriban asilimia 61 ya nguvu yake.

## Shawa ya umeme

Shawa ya umeme huwashwa na maji yenyewe. Ndani yake kuna kiwambo cha mpira kinachosukumwa na presha ya maji na kuunganisha swichi. Presha ikiwa ndogo, kiwambo hakisogei na koili haiwaki, hata kama kila sehemu ni nzima. Hili ni tatizo la kawaida katika nyumba zinazotumia tangi la juu ya paa. Kila mita moja ya kimo kutoka usawa wa maji ndani ya tangi hadi kwenye shawa hutoa takriban kilopaskali 10 tu, kwa hiyo tangi lililo mita 1 juu ya shawa linaweza kushindwa kuiwasha. Suluhisho ni kuinua tangi, kuondoa kona nyingi na mabomba membamba, au kufunga pampu ndogo ya kuongeza presha. Kabla ya gharama hizo, chujio la kwenye ingizo la maji na matundu ya kichwa cha shawa husafishwa, kwani mchanga na chokaa hupunguza presha vilevile.

Kinyume chake pia hutokea: maji yakiwa mengi mno hayapati muda wa kupata moto. Shawa ya kilowati 5 inaweza kupandisha joto la maji kwa digrii 20 ikiwa yanatoka takriban lita 3.6 kwa dakika. Yakitoka lita 7.2, joto hupanda digrii 10 tu. Hivyo maji ya shawa yakiwa vuguvugu, hatua ya kwanza ni kupunguza koki. Ikiwa shawa hupoa jioni tu, wakati majirani wengi wanatumia umeme, kuna uwezekano mkubwa kwamba tatizo ni volti na si shawa.

Katika shawa nyingi za bei nafuu koili haina ganda, bali inagusana na maji moja kwa moja. Maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi kuliko maji baridi ya mto, na pia hula koili haraka. Kwa visima vya pwani vyenye maji ya chumvi huhitajika shawa iliyotengenezwa kwa maji hayo, ambayo koili yake imefunikwa.

Harufu ya plastiki inayoungua, au waya kubadilika rangi mahali unapoungana na shawa, huonyesha kwamba muungano umelegea au waya ni mwembamba mno. Shawa haipaswi kutumika mpaka waya na kiungio vibadilishwe.

## Kelele na ukoko wa chokaa

Maji magumu, yaani yenye madini mengi ya kalisi na magnesi, huacha ukoko yanapopashwa. Kadiri joto linavyozidi, ndivyo kalisi kaboneti inavyoganda zaidi juu ya koili na chini ya tangi, kama ukoko wa wali unavyoshika sufuria. Maji yanayonaswa chini ya ukoko huchemka peke yake, na mapovu yake hutoa mlio wa kugonga au kuunguruma. Koili iliyofunikwa hupata joto kupita kiasi na hatimaye hukatika.

Ugumu wa maji hutegemea mahali. Maji yanayofika Nairobi kutoka bwawa la Ndakaini, chini ya milima ya Aberdare, ni laini. Maji ya visima vilivyochimbwa katika miamba ya matumbawe, kama vile Mombasa na Zanzibar, huwa magumu, na hita za huko huhitaji kusafishwa mara nyingi zaidi.

Kusafisha tangi hufanywa kwa kukata umeme, kuacha maji yapoe, kufunga maji yanayoingia, kufungua bomba moja la maji ya moto ili hewa iingie, kisha kufungua koki ya chini mpaka maji yatoke safi. Ukoko mgumu kwenye koili iliyotolewa au kichwa cha shawa huyeyushwa kwa kulowekwa katika siki au maji ya limau. Haufai kugongwa kwa nyundo kwa sababu ganda la koili hupasuka.

## Harufu na rangi

Maji ya moto yenye harufu ya mayai yaliyooza huwa na gesi ya haidrojeni salfaidi. Hutokana na bakteria wanaoishi katika maji yenye salfeti wakisaidiwa na fimbo ya magnesi iliyo ndani ya tangi. Ikiwa maji baridi hayana harufu hiyo, chanzo kiko ndani ya hita. Kupandisha joto hadi zaidi ya 60 °C kwa saa kadhaa huua bakteria hao, na fimbo inaweza kubadilishwa kwa nyingine ya alumini na zinki.

Fimbo hiyo huitwa anodi. Kazi yake ni kuliwa na kutu badala ya tangi. Ikiisha, kutu hugeukia chuma cha tangi chenyewe. Kwa kawaida hukaguliwa baada ya miaka michache, na mapema zaidi mahali penye maji ya chumvi. Maji ya moto yenye rangi ya kahawia huonyesha kwamba anodi imeisha na tangi limeanza kuoza. Ikiwa hata maji baridi ni ya kahawia, tatizo liko kwenye mabomba au chanzo cha maji.

## Maji ya moto kupita kiasi

Maji ya 60 °C yanaweza kuunguza ngozi ya mtu mzima kwa takriban sekunde 5, na ngozi ya mtoto kwa muda mfupi zaidi. Kwa upande mwingine, maji yanayokaa kati ya 25 °C na 45 °C ni makazi mazuri ya bakteria wa *Legionella*, wanaosababisha nimonia kali mvuke au matone yake yakivutwa. Bakteria hao walipata jina lao baada ya mlipuko wa ugonjwa katika mkutano wa maveterani wa American Legion mjini Philadelphia mwaka 1976. Kwa hiyo tangi huwekwa karibu 60 °C, na kifaa cha kuchanganya maji hushusha joto kabla hayajafika bombani. Maji yanayotoka na mvuke huonyesha kwamba thamostati imeng'ang'ania, na umeme ukatwe bila kusubiri.

## Kuvuja na vali ya usalama

Mahali maji yanapotokea ndipo huonyesha uzito wa tatizo. Maji ya kwenye viungo vya mabomba huzuiwa kwa kukaza au kubadilisha mpira. Yanayotoka kwenye msingi wa koili huashiria gasketi iliyochakaa. Yanayotoka kwenye ganda la tangi lenyewe humaanisha tangi limetoboka, na dawa yake ni kununua hita nyingine. Kuchomelea tangi lenye presha ni hatari.

Maji yanayotoka kwenye vali ya usalama huhitaji kueleweka zaidi. Maji yakipashwa kutoka 20 °C hadi 60 °C huongezeka ujazo kwa takriban asilimia 1.5, yaani lita 1.5 kwa tangi la lita 100. Ikiwa vali ya kuzuia maji kurudi imefungwa na hakuna chombo cha kupokea ongezeko hilo, matone yatatoka kila hita inapowaka. Hilo ni la kawaida. Kutiririka bila kukoma ni dalili ya presha kubwa, thamostati mbovu au vali iliyokwama kwa uchafu.

Vali ya usalama haipaswi kuzibwa kamwe, hata kama inalowesha ukuta. Thamostati ikifa na vali ikiwa imezibwa, maji hupanda kupita 100 °C bila kuchemka kwa sababu ya presha. Tangi likipasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke mara moja. Lita moja ya maji hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke, na nguvu hiyo huweza kubomoa chumba. Matone huelekezwa nje kwa bomba lisilo na koki mwishoni.

## Hita za gesi

Hita isiyowaka huanza kukaguliwa kwenye mtungi wa gesi, betri za kuwashia na presha ya maji. Ikiwaka kisha ikazima baada ya sekunde chache, mara nyingi kitambuzi cha moto ni kichafu au kimekufa.

Moto mzuri ni wa buluu. Moto wa njano na masizi huonyesha kwamba gesi haipati hewa ya kutosha na huenda inatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu ambayo huua. Hita yenye moto wa gesi haifungwi ndani ya bafu lisilo na bomba la kutolea moshi nje. Mtu akipata maumivu ya kichwa, kizunguzungu au kichefuchefu hita inapowaka, atoke nje kwanza, na hita isitumike tena mpaka ikaguliwe.

## Hita za jua

Joto hupungua siku za mawingu, kama ilivyo katika nyanda za juu za Kenya kati ya Juni na Agosti. Kwa hiyo hita nyingi huwa na koili ya akiba, na hitilafu inayodhaniwa kuwa ya jua huwa ni ya koili hiyo. Vyanzo vingine ni vumbi juu ya kioo, kivuli cha mti uliokua, mrija uliopasuka na hewa iliyonaswa ndani ya mabomba. Katika mitambo isiyo na pampu maji hupanda yenyewe yanapopata joto, kwa hiyo tangi lazima liwe juu ya paneli. Mirija ya kioo iliyokaa juani bila maji haijazwi mchana, kwa kuwa maji baridi huipasua. Hujazwa asubuhi mapema au jioni.

## Muhtasari wa dalili

| Dalili | Cha kukagua kwanza | Anayehusika |
|---|---|---|
| Maji baridi kabisa | Sakiti breka, kitufe cha kikato, koili | Mwenye nyumba, kisha fundi umeme |
| Shawa haiwaki | Presha, chujio, kiwambo | Mwenye nyumba |
| Shawa vuguvugu | Wingi wa maji, volti | Mwenye nyumba |
| Mlio wa kugonga | Ukoko wa chokaa | Mwenye nyumba au fundi bomba |
| Harufu ya mayai | Joto la tangi, anodi | Fundi bomba |
| Maji ya kahawia | Anodi, tangi | Fundi bomba |
| Vali inatiririka | Presha, thamostati | Fundi |
| Mtekenyo wa umeme | Kata umeme swichi kuu | Fundi umeme |
| Moto wa njano | Zima gesi, fungua madirisha | Fundi gesi |

## Tazama pia

* Nishati ya jua
* Kaboni monoksidi
* Maji magumu
* Ukinzani wa umeme